Kicheko na Lahaja: Jinsi Wafaransa Walivyoipokea Filamu ya Wach'ti

Hapana jambo liwagawanyalo wasikilizaji upesi kama kuchekesha kwa matamshi. Mchezaji akiteleza na kuanguka katika tope, wote hucheka pamoja, kwa kuwa tope halina kabila. Lakini akitamka neno kwa namna ya watu wa mahali fulani, papo hapo wasikilizaji huwa makundi. Wapo wanaocheka kwa sababu matamshi yale ni mageni kwao. Wapo wanaocheka kwa sababu ni ya kwao. Na wapo wasiocheka kabisa, kwa kuwa waona kwamba wanaochekwa ni wao wenyewe. Madhumuni ya makala haya ni kueleza asili ya mgawanyiko huo kwa kuutazama mfano mmoja ambao umekwisha pimwa na mamilioni ya watu, nao ni filamu ya Kifaransa iitwayo Bienvenue chez les Ch'tis, yaani "Karibuni kwa Wach'ti," iliyotolewa mwaka 2008. Nimechagua mfano wa mbali kwa makusudi. Mambo ya jirani huamsha hamaki kabla ya kuamsha fikira. Ya mbali twaweza kuyapima kwa utulivu, kisha tukarudi nyumbani na mizani ile ile.

Yafaa kwanza msomaji aijue hadithi yenyewe, ambayo ni nyepesi na yaweza kutazamwa na jamaa nzima, wazee kwa watoto. Philippe Abrams, aliyeigizwa na Kad Merad, ni mkuu wa posta katika mji wa Salon-de-Provence, kusini mwa Ufaransa. Mkewe hana raha, naye adhani raha itapatikana wakihamia pwani ya Bahari ya Kati. Nafasi ya huko imewekewa mtu mwenye kilema. Basi Philippe ajisingizia kilema, hila yake yagunduliwa, na adhabu yake ni kupelekwa miaka miwili Bergues, mji mdogo wa kaskazini karibu na Dunkerque. Kwa watu wa kusini, Kaskazini ni nchi ya baridi kali, mvua isiyokoma, ulevi na umaskini. Philippe aenda huko kama mtu aendaye kufungwa. Afikapo akuta watu wakarimu, na rafiki yake mkubwa awa Antoine Bailleul, mpeleka barua na mpiga kengele za mnara wa mji, kijana aliyekwisha komaa lakini bado amwogopa mama yake. Antoine aliigizwa na Dany Boon, ambaye ndiye aliyeiongoza filamu hii na kushiriki kuiandika, na mama yule aliigizwa na Line Renaud. Wote wawili ni wenyeji wa upande huo huo wa Kaskazini. Dany Boon alizaliwa Armentières mwaka 1966.

Kiini cha mchezo ni uwongo. Philippe akimweleza mkewe kwamba Kaskazini ni kuzuri, mkewe hasadiki, adhani mumewe amficha taabu zake. Basi Philippe aanza kumwambia lile analotaka kulisikia, kwamba huko ni jehanamu. Na mkewe, kwa huruma, azidi kumpenda. Mwishowe mke afunga safari kwenda kumfariji. Hapo wafanyakazi wa posta, ili kumwokoa mkubwa wao na aibu, wampeleka mama huyu katika kijiji cha zamani cha wachimba makaa ya mawe, wakamdanganya kwamba ndiyo Bergues, wakajifanya walevi na washenzi kama watu wa kusini wanavyowadhania. Msomaji alitie alama jambo hili, maana tutalirudia: wanaodharauliwa wanaigiza dharau yenyewe, kwa hiari yao, wakijua wanalofanya.

Filamu ilianza kuonyeshwa Kaskazini tarehe 20 Februari 2008, juma moja kabla ya kuonyeshwa nchi nzima. Tikiti zilizouzwa katika Ufaransa zilipita milioni 20. Kabla yake, filamu ya Kifaransa iliyokuwa imepata watazamaji wengi kuliko zote ilikuwa La Grande Vadrouille ya mwaka 1966, iliyouza tikiti zaidi ya milioni 17. Na filamu pekee ya nchi yo yote iliyokuwa mbele ya hii ya Wach'ti ilikuwa Titanic ya Kimarekani. Hata tukikumbuka kwamba tikiti si watu, kwa kuwa wengine walirudi mara mbili au tatu, ni dhahiri kwamba jambo lililowavuta watu wengi kiasi hicho halikuwa mzaha tu.

Walakini wote hawakufurahi. Baadhi ya wahakiki waliona kwamba picha hii ina moyo mwema lakini haina kina: Kaskazini imeonyeshwa kama kadi ya posta, yenye mnara, pombe ya bia na chipsi, na historia ndefu ya machimbo ya makaa, ambayo shimo lake la mwisho lilifungwa mwaka 1990, imebaki kuwa pazia la kuchezea nyuma yake. Watetezi wa Kiflandria nao walikuwa na lalamiko lao. Bergues iko katika Flandria ya Kifaransa, nchi iliyoingia chini ya Ufaransa katika karne ya 17, na lugha ya asili ya watu wake si lahaja ya Ch'ti bali ni Kiflandria cha Magharibi, ambacho ni ndugu wa Kiholanzi. Filamu iliwavisha wenyeji wa Bergues lugha ya majirani zao. Mtazamaji wa Paris hakuona tofauti yo yote; lakini mzee wa Bergues ambaye babu yake alikatazwa kusema Kiflandria shuleni aliiona, na kwake halikuwa jambo dogo.

Ili kufahamu malalamiko ya kundi lingine, yaani wale wanaoijua lahaja yenyewe, hatuna budi kuingia kidogo katika elimu ya sauti. Lugha ambayo watu huiita Ch'ti ni tawi la Kipikadi, lugha ya kaskazini mwa Ufaransa na sehemu ya Ubelgiji. Kipikadi si Kifaransa kilichoharibika, kama watu wengi walivyofundishwa kudhani. Kipikadi na Kifaransa sanifu ni ndugu wa tumbo moja, watoto wa Kilatini, waliochukua njia mbalimbali. Kilatini kilikuwa na sauti ya k mbele ya irabu a. Kifaransa sanifu kiliigeuza sauti hiyo ikawa ile iandikwayo ch na kutamkwa kama sh yetu, Kipikadi hakikuigeuza. Ndiyo maana neno la Kilatini canem, lenye maana ya mbwa, limekuwa chien kwa Kifaransa na kien kwa Kipikadi. Tena, mbele ya irabu e na i, ile k ya Kilatini ilipata kuwa s katika Kifaransa, lakini katika Kipikadi ikawa sh. Basi mia moja, ambayo kwa Kifaransa ni cent, kwa Kipikadi ni chent. Katika mfano wa kwanza, Kipikadi ndicho kilichohifadhi sauti ya kale. Katika wa pili, kila kimoja kilifuata kanuni yake.

Wasomaji wa Kiswahili hawatashangazwa na mambo haya, kwa kuwa Kiunguja na Kimvita vinahusiana kwa namna iyo hiyo. Mzanzibari husema macho, njia, mchele. Mmvita husema mato, ndia, mtele. Wala hakuna aliyeharibu maneno ya mwenzake. Kila mmoja amerithi ya wazee wake kwa kanuni.

Sasa tutazame mzaha uliopata sifa kuliko yote katika filamu ile. Philippe aingia katika nyumba aliyopewa akaiona tupu, akauliza samani zimekwenda wapi. Antoine amjibu kwamba zilikuwa za yule mkuu aliyetangulia, naye amezichukua. Lakini neno la Kifaransa siens, yaani "zake," Antoine alitamka kwa sauti ya sh, nalo likasikika kama chiens, yaani "mbwa." Philippe ashangaa: kwa nini mtu awape mbwa samani zake? Mabishano yaendelea, na watazamaji wavunjika mbavu.

Je, ni sikio la nani linalosikia mbwa hapo? Si la mtu wa Kaskazini. Kwa mwenye Kipikadi, mbwa ni kien, na haliwezi kuchanganyika na neno lile jingine. Mchanganyiko upo katika sikio la mgeni tu, ajuaye Kifaransa sanifu peke yake. Ni sawa na Mzanzibari amsikiaye mtu wa Mombasa akisema kwamba watoto wanateka, naye atazame huku na huku akitafuta ndoo na kisima, kumbe watoto wanacheka. Mmvita mwenyewe hakosei, kwa kuwa katika kuteka kwa maana ya kucheka ulimi wake hugusa meno, na katika kuteka maji hugusa ufizi. Ni sauti mbili kwake. Upungufu si wa msemaji, ni wa msikilizaji.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo makala haya yataka kulisema. Kila mzaha wa matamshi una sikio lake, na watazamaji hugawanyika kwa kadiri walivyo karibu au mbali na sikio hilo. Filamu ya Wach'ti imewekwa katika sikio la mgeni tangu mwanzo hadi mwisho. Hata jina lenyewe la Ch'ti lina asili hiyo: lilienea katika Vita vya Kwanza vya Dunia, miaka ya 1914 hadi 1918, askari wa sehemu nyingine walipowasikia wenzao wa Kaskazini wakitumia ch'ti na mi kila mara katika usemi wao, wakawapachika sauti hizo kuwa jina. Ni jina la kupewa, ambalo waliopewa walilikubali baadaye wakalifanya fahari yao.

Kwa sababu hiyo wajuzi wa Kipikadi walikuwa na haki ya kulalamika. Wachezaji wa filamu hawasemi Kipikadi. Wanasema Kifaransa cha kawaida, kilichotiwa sh karibu kila penye s, na maneno machache ya nyumbani kama biloute, ambalo marafiki huitana. Sarufi ya Kipikadi yenyewe, pamoja na viwakilishi na vitenzi vyake, haionekani sana. Lakini tuwe waadilifu: kama wachezaji wangesema Kipikadi halisi, wale watazamaji wa Marseille na Lyon wasingalifahamu neno. Mwandishi alilazimika kuchagua kati ya lahaja ya kweli na wasikilizaji wengi, akachagua wasikilizaji.

Ikiwa mambo ndivyo yalivyo, kwa nini basi watu wengi wa Kaskazini waliipenda filamu hii, wakaijaza mabanda ya sinema hata kabla ya wenzao wa kusini kuiona? Naona sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mjinga katika hadithi si msemaji wa lahaja, bali ni yule mgeni aliyekuja na koti zito na hofu zake. Yeye ndiye asiyefahamu, yeye ndiye ajifunzaye, na mwishowe yeye ndiye aliaye kwa kuondoka. Katika tamasha la kijiji cha makaa, wenyeji wanaigiza ushenzi wao wa kusingiziwa, na kwa kufanya hivyo wanaonyesha kwamba ushenzi ule ni vazi lililoshonwa na watu wa kusini. Laweza kuvaliwa na kuvuliwa. Sababu ya pili ni ya lugha zaidi. Katika filamu hii lahaja haikuachiwa kazi ya kuchekesha peke yake. Antoine humpenda msichana kwa matamshi hayo hayo, hubishana na mama yake kwayo, na humfariji rafiki yake kwayo. Lugha ikiweza kupenda na kufariji, mwenyewe hujua kwamba imeheshimiwa, hata kama sarufi yake imepunguzwa.

Lakini kicheko kikiisha tolewa hakina mwenyewe, na yaliyotokea tarehe 29 Machi 2008 yalionyesha hatari yake. Siku hiyo timu ya Paris Saint-Germain ilicheza na timu ya Lens, ya Kaskazini, katika fainali ya Kombe la Ligi. Washabiki kadhaa wa Paris walikunjua kitambaa kirefu chenye maneno ya kuwatukana watu wa Kaskazini, kwamba ni wanajisi wa watoto, watu wasio na kazi na watoto wa ndugu waliooana. Na mwisho wa matusi hayo wakaandika jina la filamu. Nchi nzima ilikasirika. Maneno ambayo mwezi mmoja kabla yalikuwa ya kukaribisha yalifanywa fimbo, bila ya kubadilishwa hata herufi moja. Asiyepata kuitazama filamu ile asingeweza kujua kwamba ndani yake mjinga ni mgeni. Alichukua ganda akaacha kokwa.

Hata wakubwa wa sanaa walikuwa na wasiwasi nayo. Katika tuzo za César za mwaka 2009, filamu iliyotazamwa kuliko zote ilipendekezwa kwa tuzo moja tu, ya maandishi ya hadithi, wala haikuipata. Wengine walisema kwamba ni haki, kwa kuwa wingi wa watu si kipimo cha sanaa. Wengine walisema kwamba ni dharau ya wasomi kwa kicheko cha watu wa kawaida. Mabishano hayo yaliendelea, na mwaka 2018 ilitolewa kwa mara ya kwanza César iliyopimwa kwa wingi wa watazamaji. Aliyeipata ni Dany Boon, kwa filamu yake nyingine.

Filamu hii ilipovuka mipaka ilitupa ushahidi mwingine. Waitalia waliitengeneza upya mwaka 2010 kwa jina la Benvenuti al Sud, wakapindua dira: mtu wa posta atoka kaskazini kwenda Castellabate, kusini. Ilipendwa sana, maana hofu ya kuhamishwa kwenda kwa watu usiowajua ni hofu ya kila nchi, na Waitalia walikuwa na lahaja zao za kutia ndani. Wajerumani, ambao waliitafsiri tu, walibuni matamshi ambayo si ya jimbo lo lote la kwao. Huko hapana aliyeudhika, kwa kuwa hapana watu wasemao hivyo. Wala hapana aliyeona fahari. Maudhi na fahari hutoka katika chungu kimoja.

Yabaki swali lililo zito kuliko yote: je, kicheko hiki kiliinufaisha lugha yenyewe? Kipikadi kimo katika orodha ya UNESCO ya lugha zilizo katika hatari kubwa ya kutoweka. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1951, iliyoruhusu lugha kadhaa za majimbo kufundishwa shuleni, haikukitaja. Mwaka 2008, mwaka ule ule wa filamu, katiba iliongezewa maneno kwamba lugha za majimbo ni urithi wa Ufaransa. Na mwaka 2021 Wizara ya Elimu iliingiza Kipikadi, pamoja na Kiflandria cha Magharibi, katika lugha ambazo zaweza kufundishwa shuleni. Haifai kusema kwamba filamu ndiyo iliyoleta hayo, maana watetezi wa lugha hizo walikuwa wamefanya kazi miaka mingi bila ya kamera. Lakini twaweza kusema kwamba filamu iliondoa aibu, na aibu ndiyo iuayo lugha kabla ya sheria. Mzazi anayeona aibu ya matamshi yake hawarithishi watoto. Dany Boon mwenyewe aliirudia mada hii katika La Ch'tite Famille ya mwaka 2018, inayomhusu msanifu wa Paris aliyeficha jamaa zake wa Kaskazini, hata alipopoteza kumbukumbu yake ulimi ukamrudia wa utotoni. Upande wa pili wa mizani ni huu: ikiwa kizazi kipya hakitasikia Kipikadi mahali pengine po pote ila katika mzaha, kitadhani kwamba Kipikadi ni sauti ya sh tu, kama mtu adhaniye kwamba nyumba ni kengele ya mlangoni.

Mizani hiyo twaweza kuileta nyumbani. Tangu Kiunguja kilipochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha kuanza kazi mwaka 1930, sikio la usanifu limekuwa ndilo sikio la shule na la redio zetu. Michezo yetu ya kuchekesha, kama vile Vioja Mahakamani ya Kenya na mingine mingi ya Tanzania, imejaa wahusika ambao Kiswahili chao kina lafudhi za bara au za visiwani. Sioni kwamba yafaa kuipiga marufuku michezo hiyo, kama wengine wanavyotaka. Watu wasioweza kuchekana hawajazoeana. Lakini mhakiki na amwulize kila mchekeshaji maswali mawili yaliyotokana na mfano wetu. Katika mzaha huu, mjinga ni msemaji au ni asiyemfahamu? Na mwenye lafudhi hii, je, katika mchezo huu amepata hata mara moja kupenda, kuomboleza au kutoa shauri la maana, au kila afunguapo kinywa ni kwa ajili ya kuchekwa? Mchezo ukijibu vema maswali hayo, hata wachache wakinuna, haujamdhulumu mtu.

Kwa sisi tulio katika kazi ya uchunguzi wa lugha, funzo ni la kazi zaidi kuliko la kulaumu. Mchekeshaji hawezi kutulindia lahaja. Yeye huchukua sauti mbili tatu zinazosikika mbali, na hiyo ndiyo kazi yake. Wajibu wa kuandika sarufi ya Kimakunduchi, ya Kivumba au ya Kimtang'ata, na kukusanya semi na hadithi za wazee wao, ni wetu. Kijana aliyecheka matamshi ya bibi yake katika mchezo, kisha akataka kujua zaidi, lazima akute kitabu rafuni. Asipokikuta, kile kicheko ndicho kitakachokuwa habari yote aliyoirithi.